Kuvu ya Mahindi, Mlango wa Moyo

Mwaka 1893 daktari wa Kiitalia aitwaye Bartolomeo Gosio alikuwa akichunguza mahindi yaliyoota ukungu. Hakuwa anatafuta dawa. Maskini wa kaskazini mwa Italia walikuwa wakiishi kwa polenta, ugali wao wa mahindi, asubuhi na jioni, na kati yao ulienea ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na mwisho mtu anakufa. Gosio, kama wengi wa wakati wake, alidhani mkosaji ni ukungu wa mahindi mabaya. Leo tunajua pelagra ni upungufu wa vitamini. Lakini katika kumsaka mkosaji ambaye hakuwepo, Gosio alipata kitu kingine. Kutoka kwenye kuvu ya jamii ya Penicillium alitoa chembechembe ambazo, zikikutana na bakteria wa kimeta, ziliwazuia wasikue.

Wafugaji wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Ng'ombe anaanguka ghafla, damu inamtoka puani bila kuganda, na mwenye busara hamchuni wala hamgawi nyama. Kwa hiyo Gosio alikuwa ameshika, miaka 35 kabla ya Alexander Fleming na penisilini yake ya 1928, dawa ya kuua vijidudu iliyotoka kwenye kuvu. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1913 Wamarekani wawili, Alsberg na Black, nao wakichunguza jinsi mahindi yanavyoharibika ghalani, waliikuta tena wakaipa jina: asidi ya mikofenoliki. Kisha nayo ikakaa vitabuni kwa miongo mingi, ikiibuka na kuzama, kama mtu anayejaribu kazi baada ya kazi na kote anaambiwa hafai.

Asidi hiyo inanihusu kwa sababu baba yangu mdogo, anayeishi upande wa Usa River chini ya Mlima Meru, anaimeza mara mbili kwa siku. Figo zake zilikufa. Shangazi yangu, dada yake, alimpa moja ya kwake, wakapandikiziwa India kwa kuwa wakati huo Tanzania hakuna hospitali iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Vidonge vinaufanya mwili wake usimtambue mgeni aliyekaa chini ya tumbo, upande wa kulia. Siku aliporudi alikuja na karatasi ya masharti, na sharti moja lilishangaza ukoo mzima: asiingie ghala la mahindi, asipukuchue, asipepete, asikae palipo na vumbi la pumba.

"Mwanangu," aliniambia, "wamenikataza chakula cha babu zangu."

Hawakumkataza kula. Walimkataza kupumua karibu nacho. Mimi ninasomea historia, shahada ya uzamili, na kazi yangu ya kawaida ni faili za zamani za serikali. Lakini sharti lile lilinifanya nifuate uzi mmoja kutoka ghala la mahindi hadi moyoni, kwa sababu dawa iliyotoka kwenye kuvu ya mahindi inamfungulia mlango kuvu mwingine wa mahindi, na mahali pabaya kuliko pote ambapo kuvu huyo anaweza kukaa ni kwenye valvu za moyo. Ugonjwa huo una historia ya kusisimua kila mahali isipokuwa hapa Arusha.

Aliyeitoa asidi ya Gosio vitabuni na kuifanya dawa ya figo alikulia jirani zetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini alikua kwenye shamba la wazazi wake Gilgil, Kenya, kwenye Bonde la Ufa. Wengi wanaomjua wanamjua kwa jambo jingine. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akaanza kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali akitafuta chembe za selimundu. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria aliwakuta wenye vinasaba hivyo wakizidi 20 kati ya kila watu 100. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Alijiuliza kuna nini pwani na ziwani ambacho hakipo mlimani, na jibu lililomjia lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hulindwa dhidi ya malaria kali. Ni mojawapo ya mifano safi kabisa ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na ulipatikana kwa kulinganisha watu wa mabondeni na watu wa milimani, jambo ambalo bibi yeyote wa Meru angekwambia bila maabara: ukishuka chini utaugua homa.

Miaka mingi baadaye Allison alikuwa California, katika kampuni ya Syntex, pamoja na mkewe Elsie Eugui, naye mtaalamu wa kinga ya mwili. Walianzia kwa watoto wanaozaliwa bila kinga kwa sababu wamekosa kimeng'enya kimoja kinachoshughulika na malighafi za kutengeneza vinasaba. Seli nyingi za mwili zina njia mbili za kupata malighafi hizo, lakini seli nyeupe za ulinzi zinategemea zaidi njia moja. Ukiziba njia hiyo, askari hawazaliani, na sehemu nyingine za mwili zinaendelea na shughuli zake. Asidi ya mikofenoliki inaziba njia hiyo hiyo. Waliitengeneza upya ili tumbo liipokee vizuri, na mwaka 1995 Marekani iliidhinisha itumike kwa waliopandikizwa figo.

Si dawa ya kwanza ya namna hiyo, wala si ya pekee. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wanapokwenda likizo warudi na udongo kwenye mfuko wa plastiki. Udongo mmoja ulioletwa kutoka Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi nchini Norwe, ulikuwa na kuvu iliyotoa siklosporini, na mwaka 1978 Roy Calne wa Cambridge akaanza kuwapa wagonjwa. Takrolimasi, ambayo baba mdogo anaimeza pamoja na mikofenoleti, ilipatikana 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa chini ya Mlima Tsukuba, Japani. Niliangalia urefu wa mlima huo: mita 877. Sisi tunaoishi chini ya mlima wa mita 4,562 tunaruhusiwa kutabasamu kidogo. Lakini jambo lenyewe ni zito. Upandikizaji wa viungo, kazi tunayoifikiria kuwa ya visu vinavyong'aa na mashine, umesimama juu ya udongo na ukungu. Viumbe hao walitengeneza sumu hizo kwa vita vyao wenyewe huko ardhini, vita visivyotuhusu, nasi tukaziokota.

Kabla ya hapo njia ilikuwa nyembamba mno. Mnamo Desemba 23, 1954, huko Boston, Joseph Murray alihamisha figo kutoka kwa kijana mmoja kwenda kwa pacha wake wa kufanana, na ilikubali kwa kuwa mwili haukuona mgeni. Nani ana pacha wa kufanana? Desemba 1967 Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu, Cape Town. Mpokeaji, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Moyo mpya ulikuwa ukipiga vizuri. Kilichomwua ni nimonia, kwa sababu ili moyo usikataliwe ilibidi ulinzi wote wa mwili ushushwe. Tangu mwanzo, basi, waliofanya kazi hii walijua bei yake.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili kwa maneno matatu. Ukungu ni ule unaoshuka Meru asubuhi ukafunika migomba, na ni ule pia unaoota kwenye mkate wa juzi. Kuvu ni neno la shuleni na la bwana shamba. Fangasi ni neno la duka la dawa, na ukilisema mbele ya watu wanatazama miguu yako. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba fangasi anaweza kukaa moyoni. Atacheka, au atadhani unamtukana.

Anayekaa huko ni wa namna mbili hasa. Wa kwanza ni Kandida, ambaye karibu sote tunaishi naye mdomoni na tumboni bila ugomvi. Wa pili ni Aspajilasi, na huyu ndiye wa ghalani. Alipewa jina mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, ambaye alipomtazama kwa hadubini aliona kichwa cha duara chenye nyuzi zinazotawanyika, akakumbuka kile kifaa anachotumia padri kunyunyizia maji ya baraka. Kifaa hicho kwa Kilatini kinaitwa aspergillum. Kila Jumapili ya Pasaka kinapita juu ya vichwa vya waumini, na sidhani kama yuko anayewaza kwamba kimepewa wajina kwenye kiroba cha mahindi.

Maana ndiko aliko: kwenye mahindi, karanga, majani makavu, mbolea ya samadi, vumbi la ukuta unaobomolewa. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba hukaa hewani na kufika hadi mwisho wa mapafu. Kila mmoja wetu huvuta mamia kwa siku, na seli za ulinzi zinazimaliza kabla hatujajua. Ndugu mmoja wa familia hiyo, Aspergillus flavus, ndiye anayetengeneza sumu ambayo wataalamu wetu wameiita sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwapata watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, jirani kabisa na Arusha. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao walikufa, maini yao yakiwa yameharibiwa na chakula cha kila siku. Baada ya hapo redio zilianza kutangaza: anika mahindi juu ya turubai, usianike chini, usihifadhi yakiwa na unyevu. Ukienda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, utaona wamama wanavyoyachagua. Mtu anatia mkono ndani ya kiroba hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi, ananusa, anauma punje moja. Ikilia kati ya meno, ni kavu. Kipimo hicho kimelisha mlima huu muda mrefu, na ni kipimo kizuri. Ila hakipimi kilichoko hewani.

Sasa, moyo. Moyo una milango minne, ambayo hospitali zetu huiita valvu, na kila mmoja hufunguka na kufunga karibu mara 100,000 kwa siku. Ni vipande vya utando mwembamba na mgumu, vyenye mishipa michache mno ya damu, jambo linalowezesha kazi yake na ndilo linaloleta balaa. Kijidudu kikishajishikiza pale, askari wa mwili hawafiki kwa urahisi, na dawa nayo inafika kwa shida. Kuvu inaota. Damu inaganda kuizunguka. Linatokea fundo laini linalopeperuka kila moyo unapopiga, na siku moja kipande kinakatika na kwenda na damu kokote inakokwenda: kwenye ubongo, mguuni, kwenye figo iliyopandikizwa kwa gharama ya shamba lililouzwa.

Maambukizi ya aina hii kwa kawaida huletwa na bakteria, na kwetu hupenda valvu zilizokwisha kuharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Kuvu huchangia visa kama 1 hadi 2 kati ya 100. Kisa cha Kandida kwenye valvu kilielezwa Marekani mwaka 1940, kwa mgonjwa aliyekuwa akijidunga heroini. Mwaka 1961 madaktari wa California walifungua moyo wa mgonjwa mwingine, wakaondoa kuvu, akapona, na hapo ikajulikana kwamba dawa peke yake mara nyingi haitoshi, inabidi kisu. Hata hivyo, mpaka leo zaidi ya nusu ya wanaopata kuvu kwenye valvu hufariki.

Kwa waliopandikizwa viungo hali ni tofauti, na hapa kuna andiko moja lililonikosesha usingizi. Mwaka 1998 jarida la Clinical Infectious Diseases lilichapisha uchambuzi wa visa 46 vya maambukizi ya valvu kwa watu waliopandikizwa. Kwa watu wengine ungetarajia bakteria wa mdomoni wanaoingia kupitia meno mabovu. Hao hawakufika hata visa 3. Nusu ya visa vyote ilikuwa ya viumbe wawili tu, na mmoja wao ni Aspajilasi. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na valvu nzima kabla ya hapo, zisizo na kovu lolote. Katika siku 30 za kwanza baada ya upasuaji, visa 6 kati ya 10 vilikuwa vya kuvu.

Takwimu hiyo ya siku 30 inanilazimisha kuwa mkweli kuhusu ghala la baba mdogo. Kwa wengi kuvu haiji kutoka kijijini. Inaingilia hospitalini, kupitia mpira uliokaa mshipani siku nyingi au kidonda cha upasuaji, ama kupitia vumbi la jengo linalokarabatiwa wodi ya pili. Ghala ni hatari ya baadaye na ni ndogo zaidi, ila haiishi, kwa sababu vidonge haviishi. Karatasi ya masharti ilikuwa sahihi. Haikumweleza tu kwamba hatari kubwa zaidi alikuwa ameshaipita akiwa kitandani.

Katika uchambuzi ule wa 1998, wagonjwa 26 kati ya 46 walikufa. Kati ya hao 26, kuna 15 ambao hakuna daktari aliyeshuku ugonjwa huo wakiwa hai. Ulijulikana walipopasuliwa baada ya kufa.

Nadhani hapo ndipo penye historia yote. Sehemu kubwa ya ugonjwa huu tumeijua kwa msaada wa maiti. Mahali ambapo maiti hazifunguliwi, ugonjwa hauonekani kwenye karatasi, na mtafiti wa kesho atafungua madaftari na kuandika kwamba haukuwepo.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa mahali pa kufungua. Hospitali ya Mulago, Kampala, katika miaka ya 1940, mtaalamu wa maiti J. N. P. Davies aliona tena na tena mioyo ambayo utando wake wa ndani ulikuwa umegeuka kovu nene jeupe. Vitabu vya Ulaya havikuwa na ugonjwa huo. Aliueleza mwaka 1948, na leo wanafunzi wa udaktari dunia nzima wanausoma. Tusiipambe enzi hiyo: maiti zile zilikuwa za Waafrika chini ya serikali ya kikoloni, na sina hakika ndugu waliulizwa kwa namna ambayo sisi tungeita kuuliza. Lakini matokeo ni kwamba moyo wa mkulima wa Uganda wa 1947 umeandikwa vizuri kuliko moyo wa mkulima wa Meru wa leo.

Kwetu maiti hufunguliwa polisi wakitaka: ajali, sumu, mauaji. Vinginevyo mtu anatoka chumba cha maiti moja kwa moja kwenda kihambani, anazikwa kando ya migomba aliyoipanda, na kwenye cheti inaandikwa "moyo kushindwa kufanya kazi" au "nimonia" au "shinikizo la damu". Sisemi ndugu wamekosea. Nimekaa kwenye vikao vya msiba. Najua ukimwomba mzee ruhusa ya kumpasua marehemu ili sayansi ijue, utaangaliwa vipi. Najua pia kwamba gari limekodiwa, wageni wametoka Mwanza na Dar es Salaam, na mchungaji ana misiba miwili wiki hiyo.

Ajabu ya mlima huu ni kwamba kwa mambo mengine umeandikwa mno. Ukitaka kujua jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki Novemba 1951, nyaraka zipo tele, na Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kueleza kwa mdomo wake. Maji yetu yenye floraidi, ambayo yametupaka meno rangi na kuipa Maji ya Chai jina lake, yameandikiwa ripoti baada ya ripoti. Ardhi na maji tumevidai, na kilichodaiwa kikaandikwa. Kuhusu figo na moyo kilichopo ni kidogo. Kipo kimoja kizuri cha jirani: uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa 2015 ulikuta watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo, mjini wakiwa 15 na vijijini 2. Kati ya wagonjwa hao, karibu 9 kwa kila 10 hawakuwa wanajua.

Na kipo kingine, ambacho ningependa kila nesi na kila mganga wa zahanati akisome. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, watafiti waliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waganga walisema 528 kati yao wana malaria. Vipimo vya makini viliwakuta wenye malaria kweli ni 14. Waliobaki walikuwa na mengine: 85 walikuwa na bakteria kwenye damu, na 25 walikuwa na kuvu kwenye damu, hasa kriptokoka inayowaandama wenye VVU. Yaani kuvu ilikuwa imewapata wengi kuliko malaria. Milima yetu ni kama ile ambayo Allison aliiona mwaka 1949 kuwa haina selimundu kwa kuwa haina malaria ya kutosha, na miaka sitini baadaye homa ya mlimani bado ilikuwa ikipewa jina la homa ya bondeni.

Mpeleke mtu aliyepandikizwa kwenye hesabu hiyo. Homa inampanda jioni, anachoka, anapungua. Anapewa dawa ya malaria. Haipungui, anapewa antibayotiki, maana ndiyo iliyopo. Akibahatika kufika hospitali yenye uwezo wa kuotesha damu, damu inawekwa kwenye chupa na kusubiriwa siku kadhaa, na hapo Aspajilasi anamchezea mchezo wake wa mwisho: hata akiwa amekaa moyoni, ni nadra mno kuota kutoka kwenye damu. Majibu yanarudi "hakuna kilichoota". Kwa mgonjwa na familia, hiyo ni habari njema.

Mambo yamesogea, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, wakishirikiana na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata, wakisaidiwa na Wajapani wa Tokushukai. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako valvu hubadilishwa na Watanzania. Baba mdogo angeumwa figo leo, asingehitaji pasi ya kusafiria. Ila kila mtu anayepandikizwa Dar es Salaam au Dodoma hurudi kwao. Kliniki inabaki mamia ya kilomita kutoka Arusha, na anayemwona homa ikipanda usiku ni mganga wa karibu, ambaye huenda hajawahi kukutana na mtu mwenye figo tatu. (Ndiyo, tatu. Zile za zamani mara nyingi haziondolewi. Baba mdogo anapenda kuwaambia watoto hivyo.)

Tuseme basi ameshukiwa na amegunduliwa. Dawa ya zamani ya kuvu kali ni amfoterisini, iliyotolewa miaka ya 1950 kwenye udongo wa kando ya Mto Orinoco, Venezuela. Udongo tena. Inaua kuvu kweli, na inaua figo. Daktari anakaa mbele ya mgonjwa mwenye figo ya dada yake na kuchagua kati ya moyo na figo. Tangu 2002 ipo vorikonazoli, ambayo figo inaivumilia zaidi, lakini inazuia ini lisiivunje takrolimasi. Usipopunguza vidonge vya takrolimasi haraka, vinajazana kwenye damu na kugeuka sumu. Kipimo cha kujua kiasi cha takrolimasi katika damu kinahitaji maabara yenye mashine yake, na majibu yanatakiwa yarudi mapema, si wiki ijayo.

Nilimweleza baba mdogo haya yote tukiwa barazani, yeye akila loshoro, mahindi yake yakiwa yamepukuchuliwa na vijana wa jirani upande wa pili wa nyumba, upepo ukitokea kwetu kwenda kwao. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali la mtu aliyelala hospitali muda mrefu: "Sasa daktari atajuaje, kama damu haisemi?"

Nilimjibu kwa nililolisoma. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti huweza kuonyesha fundo kwenye valvu. Na wakati mwingine ugonjwa hujitambulisha mguuni. Mafundo ya Aspajilasi ni makubwa; kipande kikikatika huweza kuziba mshipa mkubwa wa paja, mguu ukawa baridi na mweupe ghafla, na daktari wa upasuaji analazimika kuukata mshipa na kukivuta nje. Kinaonekana kama damu iliyoganda ya kawaida. Kikitupwa kwenye ndoo, mgonjwa ataandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kikiwekwa kwenye chupa yenye formalini na kupelekwa maabara, kikakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, mtu aliyeko kwenye hadubini ataona nyuzi zinazogawanyika kama matawi.

Baba mdogo akaweka bakuli chini. Akaniomba nimwandikie neno formalini kwenye ile karatasi yake ya masharti, kwa herufi kubwa.